UZI: Mary Goble, binti wa Brighton aliyevuka bahari na nyika za Marekani akiwa na miaka 13

Msimulizi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nimekuwa nasoma kwa muda mrefu habari za Wamormoni waliohamia Utah karne ya 19, hasa watoto wao. Viongozi wao wameandikwa sana, na sina cha kuongeza hapo. Nataka nimlete kwenu binti mmoja, Mary Goble, kwa sababu aliandika mwenyewe habari za maisha yake alipokuwa mtu mzima, na kwa sababu naona watu wengi wanaposimulia kisa chake wanakatia mahali pasipostahili. Wanafika kwenye theluji, wanafika kwenye magari ya waokoaji, wanafunga. Binti mwenyewe wanamwacha kitandani hawezi hata kusimama.

Kwanza mazingira kidogo kwa ambao si wenyeji wa mambo haya. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ndilo la hao Wamormoni, lilianzishwa na Joseph Smith mwaka 1830 katika jimbo la New York. Walifukuzwa huku na kule, Smith akauawa na kundi la watu mwaka 1844 kwenye jela ya Carthage, Illinois, na mwaka 1846 wakaanza kuukimbia mji wao wa Nauvoo. Julai 1847 kundi la kwanza chini ya Brigham Young likafika kwenye bonde la Salt Lake. Lakini wamisionari wao walikuwa Uingereza tangu 1837, na huko walivuna watu kwelikweli: wafanyakazi wa viwandani, mafundi, wajane, familia za kawaida. Wote wakifundishwa kwamba wanapaswa kukusanyika Sayuni, yaani Utah. Mwaka 1849 ukaanzishwa mfuko wa kuwakopesha nauli maskini.

Mary alizaliwa Juni 1843 huko Brighton, mji wa pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake William, mama yake naye Mary. Nyumbani alikuwa akiitwa Polly. Wazazi walijiunga na kanisa mwaka 1855, na mwaka uliofuata tu wakafunga mizigo. Mary anaandika kwamba mama yake ndiye aliyekuwa na hamu kubwa ya kuondoka: alitaka wafike Sayuni watoto wangali wadogo, wakulie ndani ya imani hiyo. Wekeni akilini neno hilo la mama.

Tarehe 25 Mei 1856 wakapanda meli ya matanga iitwayo Horizon pale Liverpool. Waumini 856 kwenye meli moja, chini ya uongozi wa Edward Martin. Mary akatimiza miaka 13 wakiwa katikati ya bahari. Wakashuka Boston mwishoni mwa Juni, wakapanda treni hadi Iowa City, ambako ndiko reli ilikokuwa inaishia wakati huo.

Kabla hata ya safari ya nchi kavu kuanza, msiba wa kwanza ukaingia. Mdogo wake Fanny, mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka miwili, alipata surua melini. Pale kambini Iowa City walikuwa wamejistiri chini ya kibanda cha mikokoteni iliyotandikwa mablanketi. Usiku mmoja dhoruba ikaja, ngurumo na radi, kibanda kikaezuliwa, familia nzima ikakaa mvuani. Fanny akaloa. Akafariki tarehe 19 Julai, siku chache tu kabla ya kutimiza miaka miwili. Siku waliyoanza safari, walipitia kwanza kaburini kwake. Mary anakumbuka kwamba waliumia sana kumwacha mtoto peke yake.

Naendelea chini, msiondoke.

Msimulizi

Sehemu ya pili.

Hapa niwape ufafanuzi, kwa sababu watu huchanganya. Mwaka huo 1856 walikuwepo wahamiaji wa aina mbili. Maskini zaidi walivuta mikokoteni ya mkono: mkokoteni mmoja kwa takriban watu watano, hema moja la duara kwa watu 20, na kila mtu aliruhusiwa mzigo wa kilo 8 tu, ikiwemo matandiko na nguo. Wenye uwezo kidogo walinunua gari la kukokotwa na maksai. Familia ya Goble walikuwa kundi la pili, kwenye msafara wa John A. Hunt. Kwa hiyo Mary hakuvuta mkokoteni. Lakini msafara wao ulipewa amri usiwapite watu wa mikokoteni wa Edward Martin, ukae karibu nao ili uwasaidie. Yaliyowapata wale yakawapata na hawa.

Wiki za mwanzo anazielezea kama maisha yenye utaratibu wake. Asubuhi na jioni tarumbeta linapigwa, watu wanakusanyika kusali. Siku moja katika juma wanasimama kufua nguo, Jumapili wanapumzika na kufanya ibada. Mwendo ni kilomita 25 hadi 40 kwa siku. Wakipita maeneo ambako kulikuwa na uhasama na wenyeji, Wahindi Wekundu kama walivyoitwa, kapteni Hunt aliamuru wale chakula cha jioni mapema, kisha wasogee kilomita chache gizani na kulala bila moto wowote. Wanaume walitembea mchana kutwa, na kila baada ya usiku mmoja walikesha kulinda. Ardhi ile ilikuwa ya wenyeji hao na misafara ilikuwa inamaliza malisho na nyati wao; mtoto wa miaka 13 hakuwa na wa kumweleza hayo, yeye alichobeba kichwani ni hofu tu. Hofu hiyo itamgharimu, mtaona.

Septemba mama yake akajifungua njiani, mtoto wa kike, wakamwita Edith.

Oktoba tarehe 19, msafara wa mikokoteni ulivuka mto North Platte kwa mara ya mwisho. Familia ya Goble walikuwa wamewafikia, wakasimama wakiwatazama. Mapande ya barafu yanaelea mtoni, wanawake na watoto wanaingia majini. Siku hiyohiyo theluji ikaanza. Kulipokucha kambini kulikuwa na maiti 14. Wakarudi kwenye magari yao, wakasali, wakaimba. Mary akamwona mama yake analia, akawa anajiuliza anachokililia. Hapo ndipo unapouona utoto wake: ameona yote yale mtoni, na bado hajui kwa nini mama analia.

Baada ya hapo ni theluji mtindo mmoja. Wanaume wanatangulia na sepeto kuichota theluji ili maksai wapate njia, na maksai wenyewe wamedhoofu kwa sababu nyasi zimeliwa na makundi ya nyati. Chakula kinapungua. Maji hakuna, wanayeyusha theluji.

Siku moja kapteni akasema kuna chemchemi kilomita chache mbele. Theluji ilikuwa inaanguka sana, lakini mama, ambaye hakuwahi kupona vizuri tangu ajifungue, akamsihi Mary akamchotee maji ya kunywa. Akaenda na bibi mmoja. Katikati ya njia wakamkuta mzee ameanguka kwenye theluji, amekakamaa kwa baridi, hawawezi kumwinua. Yule bibi akamwelekeza Mary njia ya kwenda chemchemini, mwenyewe akarudi kambini kuita watu. Mtoto akabaki peke yake. Akaanza kuwawaza wale wenyeji aliokuwa akiambiwa habari zao kila usiku, akawa anageuka huku na huku kutazama, na kwa kugeukageuka akapoteza mwelekeo. Akazunguka kwenye theluji iliyomfika magotini. Wanaume walipompata ilikuwa saa 5 usiku, miguu imeganda.

Wakambeba hadi kambini, wakamsugua kwa theluji, wakamtia miguu kwenye ndoo ya maji. Anasema maumivu yalikuwa makali kupita kiasi. Ganzi ikatoka miguuni, lakini haikutoka kwenye vidole.

Msomaji wa Usiku

Mkuu nimeweka kambi hapa. Ila swali linanikera: kwa nini waliondoka mwishoni mwa kiangazi? Mtu anayejua majira ya kule anaondokaje Agosti kwenda safari ya miezi mitatu milimani? Hakuna mtu mzima hata mmoja aliyesema?

Msimulizi

Swali zuri sana, na ndilo swali lililoulizwa hata wakati ule.

Sababu ziliungana. Meli zilichelewa kuondoka Liverpool. Wahamiaji walipofika Iowa City mikokoteni haikuwa tayari, ikabidi itengenezwe harakaharaka kwa mbao mbichi. Mbao mbichi zikikauka zinasinyaa, magurudumu yanalegea, ekseli zinakatika, ndiyo maana walipofika Florence, Nebraska, wakasimama tena kukarabati. Agosti ikawa inayoyoma.

Na kuna mtu alisema. Msafara wa mikokoteni uliotangulia, wa James G. Willie, ulifanya kikao hapo Florence. Levi Savage, aliyekuwa amewahi kufika Utah, akasimama akawaambia wazi kwamba wazee, wanawake na watoto watakufa njiani, wasubiri hadi majira ya kuchipua. Alisema kwa machozi. Walio wengi wakaamua kuendelea. Savage akajibu kwamba anayoyasema anajua ni kweli, lakini kama wanakwenda, atakwenda nao na kuteseka nao. Akaenda kweli.

Pia wazo lenyewe la mikokoteni ya mkono lilizaliwa na uhaba wa fedha. Mwaka 1855 Utah ilikuwa imepigwa na nzige na ukame, mfuko wa nauli umekauka, watu wa Uingereza wanalia waletwe. Mkokoteni ulikuwa rahisi kuliko gari na maksai. Na lazima tuseme ukweli wote: kati ya 1856 na 1860 ilitoka misafara kumi ya mikokoteni, watu karibu 3,000, na minane kati ya hiyo ilifika bila maafa ya namna hii. Shida kubwa ya Willie na Martin ilikuwa kalenda.

Kwa hiyo naungana na wewe. Watu wazima walipiga kura, na watoto kama Mary hawakuwa na kura.

Msimulizi

Sehemu ya tatu.

Habari kwamba kuna watu bado nyikani zilifika Salt Lake City tarehe 4 Oktoba, zikaletwa na Franklin D. Richards, aliyekuwa kiongozi wa misheni ya Uingereza na ambaye alikuwa amewapita njiani kwa magari mepesi. Kesho yake, Jumapili, Brigham Young akasimama mbele ya mkutano akasema dini ya siku hiyo ni kwenda kuwaleta watu hao. Akadai nyumbu, magari, unga, madereva. Tarehe 7 magari ya kwanza yakaondoka.

Waokoaji walifika, lakini kufika kwao hakukumaliza mambo. Pale Devil's Gate, mahali pa kupiga kambi njiani, palikuwa na vibanda vichache tu vya magogo. Watu wa magari waliamriwa kushusha mali zao na kuziacha hapo ili magari yabebe wagonjwa. Familia ya Goble wakaacha gari lao, wakaungana na wengine. Maksai mmoja akateleza kwenye barafu, akachinjwa, nyama ikagawiwa kambi nzima. James, mdogo wake Mary, alikula vizuri usiku ule akaenda kulala mzima kabisa. Asubuhi amefariki.

Edith, yule mchanga, aliishi wiki sita. Mama hakuwa na maziwa. Wakamzika kwenye kivuko cha mwisho cha mto Sweetwater.

Miguu ya Mary ilikuwa imeganda, ya kaka yake Edwin pia, na ya mdogo wake Caroline. Mama akawa amelala garini, siku zinakwenda. Tarehe 11 Desemba, wakiwa kwenye milima miwili ya mwisho, Salt Lake City ikiwa imebaki mwendo wa saa chache, mama akakata roho. Alikuwa na miaka 43. Wakaingia mjini saa 3 usiku, watoto wanne walio hai, watatu miguu imeganda, na mama amelala garini maiti. Yeye aliyetaka wafike Sayuni wangali wadogo.

Walipelekwa kwenye nyumba ya mtu, majirani wakaleta vyakula vingi, lakini wakaambiwa wale kidogokidogo kwa sababu mtu aliyeshinda njaa muda mrefu anaweza kufa kwa shibe. Asubuhi Brigham Young akaja mwenyewe na daktari. Akawapa mkono wote, mmoja mmoja. Alipoiona miguu ya watoto na mama yao pale, machozi yakamtiririka.

Daktari akavikata vidole vya Mary kwa msumeno na kisu cha mchinjaji. Chumba cha pili kina mama walikuwa wanamvisha mama yake sanda. Alasiri wakamzika.

Brigham Young akamwahidi Mary kwamba hatakatwa tena sehemu nyingine ya miguu.

Wengi wanaosimulia hufunga hapa. Mimi ndiyo kwanza naanza.

Mama wa Kibamba

Jamani. Mtoto anakatwa vidole huku mama yake anaoshwa chumba cha pili. Nimesimama nikatembea kidogo ndiyo nikarudi kusoma. Mleta uzi endelea.

Msimulizi

Sehemu ya nne, ndiyo niliyoufungulia uzi.

Vidonda havikupona. Miezi ikapita, miguu ikazidi kuharibika, na daktari akaona sasa inabidi ikatwe, safari hii juu zaidi. Mary akakataa, akamweleza ahadi aliyopewa. Daktari akamwambia basi, kaa hapo mpaka ioze.

Siku moja amekaa peke yake analia kwa maumivu, mlango ukagongwa. Bibi mmoja mdogo wa umbo. Akasema kwa siku kadhaa amekuwa akihisi kuna mtu humo ndani anayemhitaji. Mary akamsimulia yote, na ile ahadi. Bibi akamjibu kwamba ndiyo, na kwa msaada wa Mungu tutaiokoa. Akatengeneza dawa ya kubandika, akamfunga miguuni. Tangu hapo kila siku, daktari akishaondoka, bibi anaingia, anabandua dawa ya jana na kubandika mpya. Hivyo hivyo miezi mitatu. Miguu ikapona.

Sasa tazameni. Kisa hiki kina majina mengi makubwa: Brigham Young, Franklin D. Richards, Edward Martin, kapteni Hunt. Aliyeiponya miguu ya Mary hana jina kwenye simulizi. Ni "bibi mmoja". Miezi mitatu ya kubadilisha bandeji zenye usaha za mtoto asiye wake, mtoto aliyekwisha kufiwa na mama, na kilichobaki ni kwamba alikuwa mdogo wa umbo na alibisha hodi. Kwangu mimi huyo ni mwokoaji sawa na wale waliotoka na magari tarehe 7 Oktoba.

Kisha likaja tatizo jingine. Kwa kukaa kitini muda wote huo, kano za miguu zilikuwa zimejikunja zikakakamaa, magoti hayanyooki. Baba yake alipoona hivyo akalia. Alikuwa amezika mke na watoto watatu ndani ya miezi michache, na binti wake mkubwa sasa ni wa kukaa tu. Wakajaribu kumkanda kwa mafuta, magoti hayakusogea.

Baba akapata wazo. Akapigilia rafu ukutani, akamwambia Mary: ukiwa peke yako ujaribu kuifikia kwa mkono. Akajaribu mchana kutwa, siku baada ya siku, hadi akaifikia. Alipoifikia tu, baba akaing'oa akaipandisha juu kidogo. Akaanza upya. Ikafikiwa, ikapandishwa tena. Ilichukua kama miezi mitatu mingine hadi miguu ikanyooka, na hapo ndipo akaanza kujifunza kutembea upya, bila vidole.

William Goble simwoni akitajwa kwenye orodha za mashujaa wa 1856. Mimi namtaja.

Nesi wa Bara

Mleta uzi umenigusa kwenye kazi yangu, acha niongeze kidogo.

Kumsugua mtu aliyegandwa na baridi kwa theluji ndiyo ilikuwa imani ya wakati ule, na iliendelea kuaminiwa miaka mingi baadaye. Leo tunajua inaongeza madhara. Ndani ya nyama iliyoganda kunakuwa na chembe za barafu, ukisugua unararua tishu, na theluji inaondoa joto kidogo lililobaki. Kinachotakiwa ni kumtoa kwenye baridi na kuiweka sehemu iliyoganda kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 37 hadi 39 za Selsiasi, bila kusugua, na usimruhusu aikanyage. Maumivu makali wakati damu inarudi ni kawaida kabisa, ndiyo hayo Mary anayoyaeleza. Na hatari kubwa kuliko zote ni kuyeyusha kisha kuganda tena, jambo ambalo kwa mtu anayeendelea kusafiri Novemba na Desemba huwezi kulikwepa. Naamini vidole vyake vilikufa siku zile za njiani zaidi kuliko usiku ule mmoja.

Kuhusu ile rafu: yule baba alikuwa anafanya fiziotherapia bila kujua jina lake. Kiungo kilichokakamaa hakinyooshwi kwa nguvu siku moja. Unampa mgonjwa lengo analoweza kulifikia kwa kujinyoosha, akilifikia unalisogeza. Na ukimpa kitu cha kushika ni bora kuliko kumwambia tu "nyoosha mguu". Nimewaona wazazi wengi wodini. Mzazi mwenye uvumilivu wa namna hiyo ni nusu ya tiba.

Kijana wa Lubumbashi

Uzi mzuri. Mimi ni muumini wa kanisa hilo. Huku kwetu visa vya mikokoteni tunafundishwa tangu darasa la watoto, na vijana huwa wanaandaliwa safari ya kuvuta mikokoteni kama kumbukumbu. Lakini swali ambalo vijana wetu huuliza kila mara: watu weusi walikuwa wapi katika historia hii? Naomba mleta uzi ajibu bila kuficha.

Msimulizi

Sifichi, mkuu.

Walikuwepo tangu mwanzo. Kwenye kundi la kwanza kabisa la 1847 walikuwemo wanaume watatu weusi watumwa: Green Flake, Hark Lay na Oscar Crosby. Walitengeneza njia kama wengine, na hawakuwa huru. Mwaka 1852 bunge la Utah lilipitisha sheria iliyoruhusu kuwashikilia watu weusi katika utumishi wa lazima.

Kisha yupo Jane Manning, aliyezaliwa huru Connecticut. Mwaka 1843, mwaka uleule aliozaliwa Mary Goble, yeye na ndugu zake walianza safari kwenda Nauvoo na waumini wenzao. Walipofika Buffalo wakakataliwa kupanda chombo. Wakatembea kwa miguu zaidi ya kilomita 1,200. Anasimulia kwamba viatu viliisha, nyayo zikapasuka, ukawa unaona alama za damu ardhini. Akafika Utah 1847, akaishi huko hadi kifo chake 1908, na miaka yote aliomba kupewa ibada za hekaluni kama wenzake, akakataliwa kwa sababu ya rangi yake. Zuio hilo kwa watu weusi liliondolewa Juni 1978.

Ndiyo maana ukiona leo hekalu Kinshasa, lililowekwa wakfu 2019, ujue kuna waliotembea wakivuja damu miguuni na hawakuruhusiwa kupewa ibada za hekaluni kama wenzao.

Mzee wa Hoja

Nimesoma yote kwa heshima. Lakini mimi naona kuna hatari. Watu zaidi ya 200 walikufa kwenye misafara hii ya mwisho, kisha kifo chao kinageuzwa kuwa ushuhuda wa imani. Mzazi anayempeleka mtoto wa mwaka mmoja kwenye safari kama ile tunamsifu kwa lipi? Leo hii tungemwita mzembe.

Msimulizi

Mzee wangu, hoja yako naipokea kwa sehemu kubwa. Uamuzi wa kuondoka Florence ulikuwa mbaya na aliyeupinga alikuwa sahihi. Sitaki kifo cha Fanny, James na Edith kipambwe.

Ninapotofautiana nawe ni kwa mama Goble. Yeye hakupewa ratiba ya theluji. Alipewa tarehe ya meli, akaambiwa kuna watu wenye uzoefu wanaoongoza. Wahamiaji maskini wa dunia nzima wanasafiri hivyo hadi leo: wanamwamini anayesema anaijua njia. Kama kuna wa kuulizwa, aulizwe anayeijua njia kwanza.

Na Mary mwenyewe alipokuwa mtu mzima hakuandika kwa uchungu dhidi ya kanisa lake, wala hakuficha kilichotokea. Aliandika wazi kwamba mama yake na mtoto mchanga walipoteza maisha kwa sababu ya kusafiri kwa kuchelewa. Alibaki muumini hadi kufa. Vyote viwili ni vyake, hatuna haki ya kumnyang'anya kimojawapo.

Mama wa Kibamba

Na baadaye ilikuwaje? Aliolewa? Alipata watoto?

Msimulizi

Ndiyo mama. Familia ilihamia Nephi, mji mdogo kusini mwa Salt Lake City. Mwaka 1859, akiwa na miaka 16, akaolewa na Richard Pay, mwanaume ambaye naye alikuwa amempoteza mke na mtoto kwenye safari ileile ya 1856. Hakuhitaji kumweleza mumewe kilichotokea njiani. Wakapata watoto, wakaishi maisha ya wakulima. Mwaka 1906 alikwenda Salt Lake City kwenye mkutano wa miaka 50 wa watu wa misafara hiyo, wakakaa na wenzake wakikumbushana. Alifariki 1913.

Mjukuu wake, Marjorie Pay, aliyezaliwa Nephi 1911, aliolewa na Gordon B. Hinckley aliyekuja kuwa rais wa kanisa hilo 1995 hadi 2008. Hinckley ndiye aliyekieneza sana kisa cha Mary kwa kukisoma hadharani.

Msomaji wa Usiku

Kuna mabinti wengine wa umri huo ambao habari zao zinajulikana?

Msimulizi

Wapo. Nellie Pucell, Mwingereza, alikuwa na miaka 9 kwenye msafara wa Martin. Baba na mama walikufa njiani. Miguu yake ilikatwa chini ya magoti bila dawa ya usingizi, akaishi maisha yake yote akitembea kwa magoti, akaolewa Cedar City, akalea watoto sita. Mji huo una sanamu yake.

Na Agnes Caldwell, Mskochi, naye miaka 9, msafara wa Willie, mama yake mjane. Magari ya waokoaji yalipofika, watoto walikuwa wakikimbia pembeni wakitumaini kubebwa. Dereva mmoja akamuuliza kama anataka kupanda, akasema ndiyo. Dereva akamshika mkono, lakini akawachapa farasi waende mbio, na mtoto ikambidi akimbie huku ameshikwa mkono. Akakimbia hadi akaona hawezi tena hata hatua moja, akamwona yule mtu ni katili kuliko wote duniani. Ndipo akasimamisha gari, akamwinua, akamfunika blanketi. Agnes anasema alikuja kuelewa baadaye kwamba angepandishwa bila kukimbia angeganda.

Nesi wa Bara

Hiyo ya Agnes ina maana kabisa. Mtoto aliyechoka na kuloa, ukimketisha kwenye gari wazi linalokwenda kasi, upepo unamaliza joto la mwili upesi sana, na blanketi halitengenezi joto, linatunza lililopo. Misuli inayofanya kazi ndiyo inayozalisha joto. Dereva alimpasha kwanza, kisha akalifungia joto ndani. Ila ilihitaji mtu anayejua kusoma uso wa mtoto, kwa sababu ukimzidishia mbio akiwa na njaa kiasi kile unamuua. Alimshika mkono muda wote ili aone lini asimame.